Malalamiko Kuhusu Paa Langu Kukataa Kuezuliwa

Kutoka kwa: Mtunza Ghala Mstaafu,
Nyumba yenye geti la kijani.

Kwa: Mwenyekiti,
Kamati ya Maafa ya Mtaa.

(Kwa mkono. Mbebaji haendi mbali.)

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima wa afya. Nasema natumaini kwa ajili ya adabu ya barua tu, maana hali yako naijua vizuri, kwa sababu nitakazozieleza katika lalamiko la sita.

Kama ofisi yako inavyofahamu, mimi ni mtunza ghala mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilishika funguo za ghala la nafaka, na siku niliyozikabidhi hapakuwa na gunia lililopungua wala lililozidi. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wako mbali, hunipigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilichobakiwa nacho ni nyumba ya vyumba vinne, redio moja, na utulivu. Nyumba ipo. Redio imehamishiwa barazani bila idhini yangu. Utulivu ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa kuwa sijauona kwa siku ishirini na mbili na nataka urudishwe.

Siku ishirini na mbili zilizopita, saa tisa alasiri, dhoruba iliyotangazwa redioni siku tatu mfululizo iliingia mtaani kwetu. Haikuzidi dakika arobaini, lakini ilibeba mapaa ya nyumba kumi na moja. Langu ililiacha. Malalamiko yangu yote yanatokana na uonevu huo, na nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu ya kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Kwamba paa langu lilibaki mahali pake.

Siulaumu upepo peke yake. Mhusika mkuu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye ni fundi paa. Miaka sita iliyopita upepo wa kawaida tu uliinua bati mbili za upande wa chumbani, na mke wangu akakaa kitandani saa nzima ameshika beseni, maji yanadondoka, ananitazama. Nilimwahidi kwamba nitalifunga paa lote. Nikasema mwezi ujao, kisha nikasema mwaka ujao. Alipofariki ndipo nilipomwita mdogo wake. Nilichelewa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, lakini halihusiani na malalamiko haya.

Huyu shemeji hana kiasi. Nilimwomba aongeze misumari kidogo. Yeye aliezua bati zote, akaifungia ukutani kila kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, kwa mikanda ya chuma, akarudisha bati na kupigilia misumari yenye raba kwenye kila mgongo wa bati, mahali ambapo mafundi wenzake huruka migongo miwili au mitatu na kwenda zao kunywa chai. Alikata mbao zilizochomoza nje ya ukuta ili upepo usipate pa kushika. Alitengeneza vifuniko vya mbao kwa kila dirisha, kila kimoja na komeo lake na namba yake. Namba niliziandika mimi. Nami sikukaa bure, nilijaza mifuko sitini ya mchanga na kuipanga mlangoni kwa mtindo wa ghala, kila mfuko ukikalia maungio ya miwili iliyo chini yake.

Mtaa mzima ulicheka. Kinyozi wetu, ambaye paa lake lilishikiliwa na mawe na tairi moja la lori, alisema bati langu limeugua tetekuwanga. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ulisimama getini ukaniuliza kama nasubiri upepo au nasubiri jeshi.

Upepo ulipokuja nilikaa kwenye kiti katikati ya sebule, tochi mkononi, nikisikiliza. Nilisikia paa la kinyozi likiondoka, kisha la mshonaji, kisha nikapoteza hesabu, jambo ambalo si kawaida yangu. La kwangu lilitoa mlio mmoja kama mtu anayejinyoosha, likanyamaza. Nilipofungua mlango nilikuta uani mawe kumi na saba, yale yaliyokuwa yakishikilia mabati ya watu. Nimeyapanga kando ya ukuta, kila jiwe na jina la mwenyewe. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyekuja kudai lake.

2. Kwamba fomu yangu ilisomwa.

Wiki moja kabla ya dhoruba kamati yako iligawa fomu. Swali la saba liliuliza nyumba yako inaweza kuhifadhi watu wangapi wakati wa maafa. Ndugu Mwenyekiti, nimejaza fomu maisha yangu yote. Nimejaza fomu za kuomba feni ya ghala, fomu za kuomba paka wa ghala, na fomu za kuomba fomu. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kupata ushahidi kwamba kuna kiumbe aliyezisoma. Yako niliijaza kwa imani hiyohiyo.

Nilifanya ninavyojua. Nilipima sakafu kwa futi, nikatoa jiko na choo, nikaacha njia ya ukaguzi yenye upana wa futi mbili, kisha kila mtu nikamkadiria sawa na gunia moja lililosimama. Sikuwapanga wa juu na wa chini, kwa kuwa binadamu si nafaka. Nilipata arobaini na moja. Nikaandika 41, nikatia saini, na kwa kuvimba kichwa nikagonga mhuri wangu wa zamani, ule nilioachiwa kama kumbukumbu ya kazi, wenye maneno IMEPOKELEWA IKIWA KAMILI.

Saa kumi na moja jioni ya siku ile watu arobaini na mmoja walifika getini wamelowa chapachapa, mbele yao mjumbe wako ameshika fomu yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Hawakuwa arobaini, wala hawakuwa arobaini na wawili. Niliwahesabu wakiingia, nikawahesabu tena walipokaa. Sijawahi kuona ofisi ikitekeleza jambo kwa usahihi wa namna hiyo, na nachukua nafasi hii kuulaani usahihi huo.

3. Kwamba chumvi imehama.

Jikoni kwangu kila kitu kilikuwa na lebo. Chumvi rafu ya pili kushoto, sukari rafu ya pili kulia, kiberiti kwenye msumari. Kwa miaka minne niliweza kupika nimefumba macho, ingawa kwa kweli sikuwa napika sana. Siku ya pili Bibi wa Kona, yule mwenye nyumba ya mwisho kabisa mtaani, aliingia jikoni, akazitazama lebo zangu kwa huruma, akateremsha kila kitu chini. Chumvi sasa iko karibu na jiko, eti ndiko inakotumika. Nilimweleza utaratibu wote, tangu mpangilio wa rafu mpaka sababu zake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniita mwanangu, akaniuliza kama nimekula.

Nina umri wa miaka sitini na nane. Sikuwa nimekula. Hata hivyo swali lilikuwa nje ya mada, na tangu siku hiyo analiuliza asubuhi, mchana na jioni, mbele za watu, na akiniona nasitasita kujibu hunipakulia.

Simu ya Jumapili nayo imeharibika. Binti yangu alikuwa akizungumza nami kwa dakika sita. Ananiuliza afya, namjibu njema. Ananiuliza mvua, namjibu ipo au haipo. Tunaagana. Jumapili ya kwanza baada ya dhoruba simu ilipokewa na Bibi wa Kona, kwa kuwa mimi nilikuwa mbali nayo. Walizungumza dakika hamsini. Niliposhikishwa simu hatimaye, binti yangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akasema haya baba, mimi naishiwa chaji, ila nimefurahi. Jumapili iliyofuata alimpigia bibi moja kwa moja na kumwomba anisalimie.

4. Kwamba nabisha hodi nyumbani kwangu.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mshonaji, anaitwa Mama Vifungo. Alikuja na cherehani yake kichwani na mtoto mgongoni, na kufumba na kufumbua alikuwa ameshashona mapazia kutokana na kila shuka kuukuu na kila kipande cha turubai kilichookotwa mtaani. Vyumba vyangu vinne sasa ni vyumba kumi na tatu. Kila familia ina mlango wake, japo mlango wenyewe unapepea.

Nilishukuru mwanzoni, mimi hupenda vitu vikitenganishwa. Kisha nikataka kwenda chooni. Kutoka kwenye kochi langu mpaka chooni kuna mapazia matano, na huwezi kupita katikati ya familia ya watu kama upepo, lazima ubishe hodi. Ukibisha hodi unaambiwa karibu. Ukiambiwa karibu huwezi kupita tu, utauliza mtoto ameamkaje, utauliza lile goti, utaonyeshwa jino lililoota. Safari ya hatua kumi na nne huchukua nusu saa. Kwa umri wangu, nusu saa ni nyingi.

Ukifika kuna foleni. Nilitengeneza vibao vya namba ili kuwe na haki, na ili nisionekane najipendelea nikaokota kibao pamoja na wengine bila kutazama. Nilipata namba thelathini na sita.

Naongeza hapa kwamba Mama Vifungo alianua mashati yangu kutoka kwenye kamba bila kuniuliza na kuyatia vifungo vilivyokuwa vimepotea tangu mke wangu alipofariki. Mashati yote saba sasa yanafungika mpaka juu. Sina tena kisingizio cha kutokwenda mahali.

5. Kwamba nimenyolewa.

Kinyozi ameweka kiti chake na kioo chake barazani kwangu, na pembeni redio yangu. Wateja huja kutoka mitaa mitatu. Alhamisi nilikaa kwenye kile kiti kwa nia ya kupumzisha miguu tu, nikainuka nina kichwa cha mtu mwingine. Kila anayeniona ananiambia nimekuwa kijana, na nalazimika kujibu.

Isitoshe, pale kwenye kile kiti hakuna siri inayokaa. Hapo ndipo nilipopata kujua kwamba kwa miaka minne mtaa umekuwa ukiniita Mzee Kufuli. Nilipouliza kwa nini, wateja wote walitazama dari. Siku hizi wamelibadilisha, naitwa Babu Ghala, na watoto wamelitungia wimbo ambao hauna mwisho. Jina la kwanza sikuulizwa, na la pili sikuulizwa. Ukweli ni kwamba la kwanza liliniuma.

6. Kwamba wewe, Ndugu Mwenyekiti, unalala kitandani kwangu.

Lalamiko hili nalileta kwa masikitiko, maana tunaheshimiana. Paa lako, naambiwa, lilikuwa la tatu kuondoka. Wewe, mkeo na mama mkwe wako mko miongoni mwa wale arobaini na mmoja, namba kumi na mbili hadi kumi na nne katika orodha yangu. Kwa kuwa una maumivu ya mgongo nilikupisha kitanda, nami nalala kwenye kochi ambalo nimelizidi kwa futi moja na nusu. Unakoroma. Kukoroma si kosa, lakini wewe unakoroma na kukatisha, na mtu aliye upande wa pili wa ukuta hawezi kulala akisubiri uendelee.

Ofisi ya kamati nayo umeihamishia kwenye meza yangu ya kulia chakula. Ndani ya wiki tatu zimezaliwa kamati ndogo tano nyumbani kwangu. Kuna ya Maji, ya Foleni, ya Mapazia, ya Ndoo, na Kamati Ndogo ya Ukimya, ambayo ndiyo yenye kelele kuliko zote. Mimi ni katibu wa zote tano, kwa sababu eti nina mwandiko mzuri na kalamu yangu mwenyewe. Muhtasari wa kikao kilichopita wa Kamati ya Ndoo una kurasa tisa. Ndoo zenyewe ni sita.

Siku ya nne, nikiwa kwenye foleni ya choo, kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba nyumba yangu iitwe Kituo cha Hifadhi Namba Moja. Maneno hayo yamepakwa kwa rangi nyeupe kwenye geti langu. Nimezunguka mtaa mzima nikitafuta Kituo Namba Mbili bila mafanikio.

Hii ndiyo sababu nimeandika hapo juu kwamba mbebaji haendi mbali. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wa chumba changu, nirudi kwenye kochi, na kusubiri majibu kwa siku kumi na nne za kazi kama utaratibu unavyotaka. Tukikutana kwenye chai asubuhi naomba tusilizungumze. Liko ofisini.

7. Kwamba shemeji amekuwa mtu mashuhuri.

Watu wanatoka mbali kuja kulitazama paa langu. Wanasimama barabarani wameinua shingo, na kinyozi, yuleyule wa tetekuwanga, anawaeleza habari za misumari kama vile alikuwepo akishika nyundo. Shemeji mwenyewe huja kila siku saa saba mchana, anapanda ngazi, anagonga kenchi mbili tatu, anasikiliza, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anashuka moja kwa moja mpaka mezani, ambapo Bibi wa Kona anakuwa ameshapakua.

Tangu alipomaliza kazi yake hakuwahi kukanyaga kwangu, na mimi sikuwahi kumwita. Sasa nakaa naye mezani kila siku. Anacheka kama dada yake, akianza anashindwa kumaliza. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho kilivyo, na si haki kumkumbusha mtu jambo kama hilo akiwa na kijiko mdomoni.

Kwa kuzingatia hayo yote, naiomba kamati yako ifanye yafuatayo kwa mpangilio huu, na ikishindwa moja iende kwenye linalofuata.

Kwanza, watu wote wahamishiwe kwenye nyumba nyingine zenye paa. Ili kurahisisha kazi yenu nimeshazikagua. Ziko sita, tano zinavuja, na ya sita ni banda la kuku. Kuku wenyewe wanakaa kwa kubanana. Ombi hili naliondoa mwenyewe.

Pili, nyumba yangu ipewe cheti cha udhaifu. Aje mkaguzi, atazame, aandike kwamba haifai kuhifadhi watu. Nilikuwa nimemwandalia nyufa mbili, mmoja wa asili nyuma ya kabati, na mwingine nimeuanzisha mimi kwa bisibisi. Kinyozi ameshaziziba zote mbili kwa saruji na kuja kunionyesha kwa furaha. Nililazimika kumshukuru.

Tatu, shemeji aamriwe kung'oa msumari mmoja katika kila misumari miwili. Wazo hili nililitoa mezani juzi, kwa sauti ya kawaida. Shemeji aliacha kutafuna. Mezani wote wakaacha kutafuna. Bibi wa Kona aliinuka, akanishika paji la uso kuona kama nina homa, na jioni nikapewa uji.

Nne, na hili ndilo ombi langu la msingi, kamati iwaandikie wahusika wa hali ya hewa kuomba upepo ule urudi ukamilishe kazi yake. Naomba uje mchana, siku ya kazi, baada ya chai, uchukue paa langu tu, kwa haki ileile uliyowatendea wenzangu. Kabla haujafika, watu wote waondolewe na kupelekwa mahali salama. Kwa mujibu wa orodha ya ofisi yako, katika mtaa huu kuna mahali pamoja tu palipo salama, napo ni nyumbani kwangu. Kwa hiyo naomba wapelekwe nyumbani kwangu, vifuniko vya madirisha vifungwe kwa namba zake, mifuko ya mchanga ipangwe mlangoni, mimi niwahesabu, kisha upepo uruhusiwe. Nikisoma tena naona kuna ugumu kidogo wa utekelezaji, lakini hilo ni la wataalamu.

Najua utasema nina roho ngumu. Sina. Ningekuwa nayo ningefunga geti jioni ile, na kufuli nilikuwa nalo mkononi. Ninachodai ni nyumba yangu kama ilivyokuwa, kila kitu mahali pake, na mimi peke yangu katikati nikijua kila kitu kilipo. Mtu aliyefunga paa lake vizuri anastahili angalau hilo.

Naamini malalamiko haya yatapewa uzito uleule mlioipa fomu yangu. Nikifikiri vizuri, naomba yapewe uzito mdogo kidogo kuliko ule.

Nisalimie mkeo, ambaye nimemwacha jikoni akibishana na Bibi wa Kona juu ya sufuria yangu. Nisalimie mama mkwe wako, na mwambie miwani anayoitafuta tangu asubuhi iko juu ya redio. Msalimie kinyozi, Mama Vifungo na mwanawe, wajumbe wa kamati zote tano, na yeyote atakayeniulizia. Ukifungua mlango utawaona wote.

Ni mimi katika utumishi wa muda mrefu,

Mtunza Ghala Mstaafu
(namba 36)

Nyongeza, siku tano baadaye:

Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku zote hizi, kwa sababu kila nilipofika kwenye mlango wako ulisema karibu, na nikajikuta nimeketi.

Katika siku hizo mabati ya msaada yamefika. Shemeji alianza na nyumba ya Bibi wa Kona, kwa mikanda ileile na misumari ileile, na leo asubuhi bibi ameondoka na wajukuu wake wawili. Jioni nimewahesabu watu. Thelathini na wanane. Nimewahesabu tena nikianzia upande wa choo, pazia kwa pazia, hodi kwa hodi. Thelathini na wanane. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kupungukiwa, Ndugu Mwenyekiti, na sikujua kwamba kupungukiwa kunamshika mtu hapa kifuani.

Kabla ya kuondoka bibi alipanga jiko langu upya ili nisipate taabu. Kila kitu kimerudi chini ya lebo yake. Chumvi ameiweka rafu ya pili kushoto, kama nilivyokuwa nikidai. Nimeitoa pale na kuirudisha karibu na jiko.

Kwa hiyo barua hii ichukuliwe kama haikuandikwa. Upepo usiitwe. Kuhusu wale waliobaki, wanaosema watahama Jumamosi, nimepanda ngazi na kulikagua paa jipya la kinyozi, na kwa maoni yangu mabati yale yanahitaji kutulia si chini ya mwezi mmoja kabla ya mtu kulala chini yake. La kwako litahitaji zaidi, hasa kwa mtu mwenye mgongo kama wako. Nimepima upya sebule pia. Tukitoa lile kabati la vyombo tunafika arobaini na wanne, kwa hiyo bibi na wajukuu wakitaka kurudi nafasi ipo, na nyingine inabaki.

Ile fomu ya kuwaruhusu watu kuondoka, uliyoniachia mezani niigonge mhuri, nimeisoma yote. Mhuri umepotea. Ni kitu cha kwanza kunipotea tangu nianze kazi, na nakuomba sana usinisaidie kuutafuta.